Mota ya Umeme kwa Mtumbwi Mdogo: Hesabu Safari Kwanza

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA]

Soma polepole, na kama una kalamu, ishike mkononi, maana leo kuna hesabu.

Tumepokea swali kutoka kwa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wengi wao ni watu wa Ziwa Tanganyika. Kabla ya kukimbia, baadhi walikuwa wakiendesha mitumbwi midogo, ile inayotoka mwaloni kupeleka abiria na magunia kwenye boti kubwa iliyosimama majini. Wameweka akiba kwa muda mrefu. Sasa wanauliza: "Siku tutakaporudi kwenye kazi ya maji, tununue mota ya petroli au ya umeme? Na ikiwa ni ya umeme, tuchague ipi?"

Swali ni zuri, na ni zito. Pesa ya kikundi si ya mtu mmoja. Ndani yake mna ya mama aliyeuza mboga na ya kijana aliyefyatua matofali. Mkinunua kitu kisichofaa, hakuna wa kuwarudishia. Na majini, kosa la kununua linaweza kugeuka kuwa kosa la kupoteza maisha. Kwa hiyo leo tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Neno kuu la leo ni hili, likumbuke hata ukisahau mengine yote: usianze na mota. Anza na safari. Safari itakuambia betri, na betri itakuambia kama mota hiyo inafaa au haifai.

[MUZIKI MFUPI]

Kazi ya mtumbwi mdogo

Wanaolijua Ziwa Tanganyika wanajua kazi hii. Vijiji vingi vya ufukweni havina gati. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilihudumia vijiji vya namna hiyo kwa miaka mingi. Ilikuwa ikisimama mbali kidogo na nchi kavu, inapiga honi, na mitumbwi inatoka kuifuata. Mtu anashuka na mtoto mgongoni, gunia linashushwa kwa kamba, samaki wakavu wanapandishwa. Boti za mbao za abiria na mizigo nazo hufanya hivyo hivyo pale ambapo maji ya kando ni mafupi au kuna mawe.

Angalia sasa tabia ya kazi hiyo. Safari ni fupi. Mwendo ni wa polepole, maana mzigo ni mzito na huwezi kuigonga boti kwa kasi. Kuna kusubiri kwingi. Halafu kila baada ya muda mfupi unarudi ufukweni.

Hiyo ndiyo kazi inayoifaa mota ya umeme. Ukisubiri kando ya boti, mota ya umeme imezimwa na haili kitu. Mota ya petroli ikinguruma inaendelea kunywa, hata kama haisogei. Na kwa kuwa unarudi nchi kavu mara kwa mara, betri ikipungua hauko mbali na nyumbani.

Lakini kama kazi yako ni kuvuka ziwa, au kufuata samaki usiku kucha mbali na pwani, hapo petroli, au esansi kama tunavyoiita kwetu Kongo, bado ina nguvu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu wati-saa 9,000. Hata kama mota ndogo inapoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto na moshi, kiasi kinachobaki bado ni kikubwa kuliko kilichomo katika betri moja ya kawaida ya volti 12. Ziwa Tanganyika lina upana wa kilometa 50 hivi kwa wastani. Mtu asikudanganye kwamba utalivuka kwa betri mbili.

[MUZIKI MFUPI]

Aina mbili za mota za umeme

Sokoni utakuta aina mbili.

Aina ya kwanza ni mota ndogo yenye mpini mrefu, inayobanwa nyuma ya mtumbwi kwa skurubu. Hutumia betri ya volti 12 unayoinunua peke yake. Nguvu yake huandikwa kwa pauni, kwa herufi lb: 30, 40, 55. Pauni moja ni karibu nusu kilo. Namba hiyo ni nguvu ya kusukuma. Ukisoma 55, maana yake ikiwa imewashwa mpaka mwisho inasukuma kama kilo 25. Mota hizi zilitengenezwa hasa kwa watu wa Marekani na Ulaya wanaovua samaki kwa burudani, wanaotaka kusogea kimya kimya katika maziwa yao. Kwa mtumbwi mdogo zinaweza kufaa, lakini hazikutengenezwa kwa kubeba magunia kutwa nzima.

Aina ya pili ni mota kamili ya nyuma, inayofanana na ile ya petroli. Nyingine huja na betri yake yenyewe. Nguvu yake huandikwa kwa wati: 1,000, 3,000 na kuendelea. Nyingi hutumia volti 24 au 48. Ni imara zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Upande wa Kenya, kwenye Ziwa Victoria, wapo wavuvi wanaotumia mota za aina hii kwa kukodi, wakabadilishiwa betri ufukweni.

Kuhusu aina hii ya pili, sikiliza maneno ya muuzaji kwa makini. Atakuambia: "Hii ya wati 1,100 ni sawa na ya petroli ya farasi 3." Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo wati 1,100 ni farasi mmoja na nusu tu. Je, amekudanganya? Si lazima. Mota ya umeme huzungusha rafadha, ile elisi, kubwa na polepole, na hivyo husukuma maji vizuri kuliko petroli ndogo ya nguvu hiyo hiyo. Kwa mtumbwi mzito unaokwenda taratibu, nguvu ya kusukuma inaweza kukaribiana kweli. Ila kwa mbio, usitarajie. Unanunua kusukuma, hununui kasi.

[MUZIKI MFUPI]

Hatua ya kwanza: pima uzito

Chukua kalamu. Tuandike mfano wa mtumbwi wa mbao.

Mtumbwi wenyewe, kilo 200.
Watu 6, kila mmoja kilo 65, jumla kilo 390.
Mizigo, kilo 200.
Mota na betri, kilo 60.
Jumla ya vyote ni kilo 850.

Kwa mota zile za pauni kuna kanuni inayotumika sana: nguvu ya kusukuma isipungue sehemu 2 katika kila sehemu 100 za uzito wote. Kilo 850, chukua 2 katika 100, unapata kilo 17. Hizo ni karibu pauni 38.

Je, ununue ya pauni 40? Hapana. Kanuni hiyo ni ya maji yaliyotulia. Wazee wa Tanganyika wanaujua upepo wa kusi wa wakati wa kiangazi, unavyosukuma mawimbi kuelekea kaskazini. Mota inayotosha asubuhi maji yakiwa kama kioo itakushinda mchana. Kwa mtumbwi huu, pauni 55 ndio mwanzo wa mazungumzo. Ukitaka kufanya kazi hata penye upepo, tafuta ya volti 24 au nenda aina ya pili.

Ukiona mizigo inazidi kila siku, usitafute mota kubwa tu. Punguza mizigo. Mtumbwi unaozama kwa uzito hauokolewi na mota.

Hatua ya pili: hesabu safari

Sasa tuseme boti kubwa husimama mita 500 kutoka ufukweni. Kwenda na kurudi ni kilometa 1. Kwa siku unafanya safari 10. Jumla kilometa 10.

Mtumbwi wetu uende kilometa 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Kilometa 10 ni saa 2 za mota kufanya kazi.

Mota ya pauni 55 ikiwashwa mpaka mwisho hula ampea 50 hivi. Ampea 50 mara volti 12 ni wati 600. Sisi tuiendeshe chini kidogo ya hapo, wati 500. Saa 2 mara wati 500 ni wati-saa 1,000. Hiyo ndiyo kazi ya siku moja. Iandike na uizungushie duara.

Halafu ongeza akiba. Watu wa maji wana desturi nzuri: theluthi moja ya nishati ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Upepo ukibadilika, mtu akianguka majini, boti ikichelewa, theluthi ile ndiyo itakayokurudisha. Kwa hiyo kazi ya wati-saa 1,000 inahitaji betri inayoweza kutoa wati-saa 1,500.

Huu ni mfano. Namba zako zitakuwa tofauti. Lakini njia ya kuhesabu ni hii hii.

Hatua ya tatu: chagua betri

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Mtu anaona mota ya bei nafuu, anafurahi, kumbe betri ndiyo yenye gharama.

Kujua betri ina kiasi gani, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini huwezi kuzitumia zote.

Betri ya risasi na asidi, ile nzito tuliyoizoea kwenye sola, usiishushe chini ya nusu. Ukiimaliza kila siku, inakufa mapema. Kwa hiyo katika wati-saa 1,200, zako ni 600 tu. Ili upate 1,500 unahitaji betri 3 za ampea-saa 100. Kila moja ina kilo 30 hivi. Zote tatu ni kilo 90. Huyo ni mtu mzima na mtoto wake uliowaacha ufukweni ili kubeba betri. Na ukirudi kwenye hesabu yetu ya uzito, uliandika kilo 60 kwa mota na betri. Sasa itabidi uirekebishe.

Betri ya lithiamu, hasa ile ya fosfeti ya chuma ambayo huandikwa LiFePO4, inakubali kutumiwa mpaka sehemu 80 katika 100. Katika wati-saa 1,200, unapata 960. Mbili zinakutosha, na zote mbili zina uzito wa kilo 25 hivi. Bei yake ni kubwa siku ya kununua. Lakini ya risasi hudumu kwa kuchajiwa mara mia kadhaa, na ya lithiamu iliyo nzuri huchajiwa mara 2,000 na zaidi.

Na betri ya gari je? Wengi mnauliza kwa sababu ipo kila mahali. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ipumzike. Ukiitumia kusukuma mtumbwi saa 2 kila siku, itakufa baada ya muda mfupi. Usiiwekee pesa ya kikundi.

[MUZIKI MFUPI]

Siri ya mwendo

Kabla hatujaendelea, nikupe jambo moja litakalokuokolea betri bila kununua chochote.

Majini, ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo, huhitaji nguvu mara mbili. Unahitaji karibu mara nane. Maji hukataa kusukumwa haraka. Geuza maneno hayo: ukipunguza mwendo kidogo, unaokoa sana. Ukishuka kutoka kilometa 5 kwa saa mpaka chini kidogo ya 4, nguvu inayotumika inashuka chini ya nusu. Utachelewa dakika chache, lakini betri itakubeba mbali zaidi.

Basi ukiona betri imepungua na ufukwe bado uko mbali, usiongeze moto ili ufike haraka. Punguza. Haraka haraka haina baraka, na kwenye mota ya umeme methali hiyo ni hesabu kamili.

Hatua ya nne: kuchaji

Umeme utatoka wapi? Kama ni sola, hesabu hivi. Katika nchi zetu za ukanda huu, siku ya kawaida hutoa kama saa 5 za jua kamili. Paneli ya wati 300 mara saa 5 ni wati-saa 1,500. Lakini vumbi, joto na nyaya hula sehemu yake, kwa hiyo hesabu sehemu 70 katika 100. Unabaki na wati-saa 1,050. Hiyo inatosha kurudisha kazi ya siku moja ya mfano wetu. Siku ya mawingu haitatosha, na siku hiyo utafanya safari chache.

Kati ya paneli na betri lazima pawe na kidhibiti chaji. Kama betri ni lithiamu, hakikisha kidhibiti hicho kinaikubali lithiamu.

Usichaji betri ya risasi ndani ya nyumba iliyofungwa au chumba wanakolala watoto. Inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Ichaji mahali penye hewa, mbali na jiko.

Hatua ya tano: geuza bei iwe lita

Wasikilizaji wetu mko nchi tofauti. Kuna wanaotumia shilingi ya Uganda, ya Tanzania, faranga ya Burundi au ya Kongo. Nikitaja bei leo, kesho imebadilika. Kwa hiyo tumia kipimo kimoja: lita ya petroli.

Jumlisha bei ya vitu vyote: mota, betri, paneli, kidhibiti, nyaya, fyuzi. Gawanya kwa bei ya lita moja ya petroli mahali ulipo. Toa idadi ya lita ambazo zingenunua mota ya petroli. Unapata idadi ya lita unazotakiwa kuziokoa.

Tuseme jibu ni lita 600. Mtumbwi wa petroli kwa kazi yako ungekula lita 2 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, yaani lita 40. Gawanya 600 kwa 40. Ni miezi 15 kabla pesa haijarudi.

Sasa uliza swali la pili: betri itaishi miezi 15? Betri ya risasi inayoweza kuchajiwa mara 400, kwa siku 20 kila mwezi, itaishi miezi 20. Kwa hiyo utapata faida ya miezi 5, kisha utanunua betri nyingine. Hesabu hiyo iwekeni mezani kabla ya mkutano wa kikundi kupiga kura. Kama hamfanyi kazi siku 20, kama boti kubwa hupita mara moja kwa wiki, huenda makasia na mikono ya vijana ndiyo mota yenu bora kwa sasa.

[MUZIKI MFUPI]

Siku ya kununua

Umefika dukani, au kwa mtu anayeuza kilichotumika. Fanya mambo haya.

Kwanza, pima betri kwenye mizani. Ndiyo, mizani ya sokoni ya kupimia maharage. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Ikiandikwa 100 lakini ina kilo 4 au 5, unauziwa namba iliyochapwa kwenye karatasi.

Pili, njoo na mita ya kupimia volti. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.1, iko karibu nusu. Lithiamu haijionyeshi kwa njia hiyo, maana volti zake hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kwisha. Kwa hiyo lithiamu inahitaji mita maalumu inayohesabu ampea zinazotoka.

Tatu, jaribu majini. Funga mtumbwi kwa kamba kwenye mti au jiwe, washa mota mpaka mwisho kwa dakika 15. Betri nzima ya ampea-saa 100 haichoki kwa dakika 15. Ukisikia mota inalegea, shukuru, rudisha, nenda zako.

Nne, angalia urefu wa mguu wa mota. Rafadha lazima izame yote, chini ya tumbo la mtumbwi. Mtumbwi wa kuchonga hauna ubao wa nyuma wa kubania mota, kwa hiyo fundi seremala atengeneze ubao imara kwanza. Mota nzuri ikiwekwa juu mno itapiga hewa na povu.

Tano, angalia nyaya. Ampea 50 si mchezo. Waya mwembamba wa taa za nyumbani utapata moto na kuyeyuka. Tumia waya mnene, uwe mfupi, na uweke fyuzi karibu na betri. Betri ikae ndani ya boksi, imefungwa isihame, juu ya maji yanayokusanyika ndani ya mtumbwi.

Usalama

Makasia hayashuki kamwe kutoka mtumbwini. Mota ya umeme haikuombi ruhusa kabla ya kuzima. Jaketi za kuokolea maisha ziwe sawa na idadi ya watu, na watoto wavae zinazowatosha.

Mota ya umeme ni kimya. Hilo ni jema, lakini lina hatari. Anayeoga au kuogelea hakusikii. Boti inayokuja gizani haikusikii. Piga filimbi unapokaribia ufukwe, na usiku washa taa. Kamba ya kuzimia mota ifungwe kwenye mkono wa nahodha. Akianguka, mota izime.

Kabla ya kutoa magugu kwenye rafadha, chomoa waya wa betri. Kuzima kwa mkono hakutoshi. Vidole havioti tena.

Sheria ya mahali ulipo

Mwisho, na hili ni la kwanza kwa umuhimu. Nchini Tanzania, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Kwa hiyo ndugu zangu mlio kambini Tanzania, chukueni haya kama elimu ya kubeba, ya siku ya kurudi nyumbani. Msinunue mota leo ikakae chini ya kitanda. Betri inazeeka hata isipotumika.

Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, lakini uvuvi na usafirishaji wa majini vina vibali vyake, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji. Wa Nakivale mnaokaa jirani na ziwa, na wa Kyangwali mlio karibu na Ziwa Albert, nendeni kwanza kwa ofisi ya makazi na kwa afisa wa uvuvi wa wilaya. Ulizeni: chombo gani kinaruhusiwa, cha ukubwa gani, na kwa leseni gani. Pateni jibu kabla pesa haijatoka kwenye sanduku.

[MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, UNASHUKA]

Kwa kikundi kilichouliza, jibu letu ni hili. Kama kazi yenu itakuwa ile ya mita 500 mpaka kwenye boti na kurudi, mota ya umeme inafaa. Kwa mtumbwi wa ukubwa tuliouhesabu, anzieni pauni 55, betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100, na paneli ya wati 300. Kama mnafikiria kuvuka ziwa, acheni. Na kama hamjajua bado mtarudi lini na wapi, pesa ibaki kwenye sanduku, na hesabu hii ibaki kwenye daftari. Daftari halichakai kama betri.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mwalo unaoujua wewe, boti kubwa husimama mita ngapi kutoka ufukweni, na mtumbwi hufanya safari ngapi kwa siku?

2. Andikeni uzito wa mtumbwi wenu: watu, mizigo, betri. Mota ya pauni ngapi inahitajika?

3. Geuzeni bei ya vifaa vyote iwe lita za petroli. Pesa itarudi baada ya miezi mingapi? Betri itakuwa bado hai?

4. Nani katika kikundi ataenda kuuliza kuhusu kibali, na lini?

Majibu yenu yaleteni kwa mratibu wa kikundi chenu cha wasikilizaji, nasi tutayasoma katika kipindi kijacho. Mpaka hapo, ndugu msikilizaji, kaa salama.

[MUZIKI WA KUFUNGIA]